Samli Kwenye Bunduki ya Pantaleo

Kama kuna kitu kimenizeesha kabla ya wakati wangu, ni samli. Watu wa Ushirombo hupaka samli kila wanachokipenda. Mtoto akizaliwa, samli. Ngozi ya ng'ombe ikikakamaa, samli. Ngoma ikilia vibaya, samli. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza pale wanaponiletea kibarazani cherehani iliyopakwa samli, mnyororo wa baiskeli uliopakwa samli, na siku moja, naapa, redio iliyopakwa samli mpaka ndani kwa sababu sauti yake ilikuwa inakwaruza. Mwenye redio alinitazama bila aibu akasema, "Fundi, si ilikuwa imekauka koo?"

Naitwa Felician. Ufundi nilifundishwa na Bruda Ansgar kwenye karakana ya misheni, na mwaka ule wa 1977 nilikuwa na kibaraza changu mwenyewe kando ya barabara iendayo Kahama. Nilitengeneza baiskeli, cherehani, taa za karabai, na bunduki pia, kwa kibali cha polisi nilichokitia kwenye fremu na kukitundika ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Nilikuwa mgane. Mke wangu Melania, mama wa mwanangu Thobias, alifariki mwaka 1970, na pete yake ya ndoa nilimzika nayo. Ya kwangu ilibaki kidoleni, mkono wa kushoto. Watu walinitania kwamba mgane mwenye pete ni sawa na mtu anayefunga mlango wa nyumba iliyoungua. Niliwaacha waseme.

Jumapili ya mwisho ya Agosti padri alisoma tangazo baada ya misa. Askari wa kukagua silaha atafika Ijumaa. Kila mwenye bunduki ailete ofisi ya kijiji, na bunduki itakayokutwa mbovu, hasa yenye sefti isiyofanya kazi, itachukuliwa na kuvunjwa. Sefti, kwa asiyejua, ni kile kitufe kidogo kinachopita nyuma ya kifyatulio kutoka upande hadi upande. Ukikisukuma kwenda kulia, bunduki imefungwa, hailii hata mtu akijikwaa nayo. Ukikirudisha kushoto, imefunguka, na hapo uwe na akili zako zote.

Jumatano asubuhi akaja Generoza. Alikuwa ameviringisha kitu kirefu kwenye kanga iliyochakaa, na mkono wa pili alishika kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba.

"Mwangaluka, Baba Thobias."

"Mwangaluka, Mama Limi. Mhola?"

"Mhola duhu."

Moyo wangu ulifanya ule upuuzi wake wa kila siku nikimwona yule mama, nami nikainama kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwangu.

Lazima niseme mapema nilivyokuwa nikimwona Generoza, ili msije mkafikiri nilikuwa fundi tu na yeye mteja tu. Tuliimba kwaya pamoja. Yeye alikuwa sauti ya pili, na alipofunga macho kwenye wimbo wa komunyo mimi nilipoteza mstari, mtu mzima, mbele ya parokia nzima. Nilimpenda. Mwaka 1974 nilimtuma dada yangu Anisia akamwulize kwa adabu kama angeweza kunifikiria. Anisia alirudi na kikapu cha viazi vitamu na jibu moja: "Mwambie Baba Thobias namheshimu sana, ila mimi ni mke wa mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Pantaleo, na Pantaleo hakuwepo. Aliondoka mwaka 1968 baada ya kuuza pamba, na karai na sururu kwenye baiskeli, kwenda Geita. Mgodi mkubwa ulikuwa umefungwa, na watu walisema kwenye mabaki yake bado kuna dhahabu ya kumtosha mwenye mikono miwili. Alisema miezi mitatu. Barua ilifika moja, imeandikwa Buseresere, ikisema atakuwa nyumbani Pasaka. Haikusema Pasaka ya mwaka gani. Zilikwishapita tisa. Mmoja alisema alimwona kwenye shimo fulani, mwingine akasema shimo hilo lilishafukiwa, na padri akasema bila mwili, bila kaburi na bila shahidi, Generoza ni mke wa mtu. Binti yao Limi alikwishaolewa Tinde. Generoza alilima peke yake, na kila mwaka alikwenda kituoni kueleza kwamba mwenye leseni ya bunduki yuko safarini.

"Ni Nundu," alisema, akaanza kufungua kanga.

Nilikwishajua ni Nundu. Wilaya yetu haikuwa na nyingine. Ilikuwa bunduki ya marisau, ya kizamani, ya risasi tano, ile inayotema ganda na kupandisha risasi nyingine yenyewe. Pantaleo aliinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akihama na kuuza vyombo vyake vyote mpaka vijiko. Chuma chake kwa nyuma kimeinuka kabla ya kushuka kwenye kitako, kama mgongo wa fahali, na ndipo ilipopata jina. Kwa bunduki hiyo Pantaleo alilinda mashamba ya nusu ya kijiji dhidi ya nguruwe pori.

"Sefti imekataa," Generoza alisema. "Nasukuma mpaka kidole kinauma. Baba Thobias, Ijumaa wasiichukue. Nakuomba. Nimekuletea samli."

Nilikitazama kile kibuyu kwa chuki niliyonayo kwa vibuyu vyote, nikakiweka juu ya rafu.

Bruda Ansgar alitufundisha kwamba bunduki inafunguliwa mbele ya mwenyewe, naye aketi mpaka irudishwe, asije akasema fundi kamwibia springi. Nikamvutia Generoza kigoda. Alikaa, akakunja mikono mapajani. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa jembe. Shingoni alikuwa na uzi mweusi wenye medali ya Bikira Maria, na kando ya medali, pete yake. Niliiona kila Jumapili, na kila Jumapili niliangalia pengine.

Kwanza nilihakikisha hakuna risasi. Nilivuta chuma nyuma, nikachungulia, nikatia kidole, nikachungulia tena.

"Hakuna," alisema. "Risasi ya mwisho alimpigia nguruwe siku mbili kabla hajaondoka."

"Kila bunduki ina risasi mpaka nimeona mwenyewe kwamba haina. Kaa kimya, Mama Limi."

Kisha nikaisukuma ile sefti. Ilisogea kidogo, kama mlango uliokwama kwenye sakafu, ikasimama katikati. Huko ndiko kubaya kuliko kote, maana haijafungwa wala haijafunguka. Askari angeisukuma mara moja tu na kuitupa kwenye gari.

Nikaanza kufikiri kama nilivyofundishwa, kutoka nje kwenda ndani. Mbao za kitako huvimba masika zikabana chuma, lakini tulikuwa Agosti na ardhi imepasuka kwa ukavu. Labda iliangushwa, na ule upinde wa chuma unaokinga kifyatulio ukapinda. Nikauangalia kwa kuusimamisha mbele ya mwanga. Ulikuwa umenyooka. Chini yake tu, kwa nje, niliona alama ndogo ndogo nyingi, zimekusanyika mahali pamoja, pana kama ukucha. Rangi nyeusi ya chuma ilikuwa imeliwa pale, pameng'aa. Sikujua ni za nini. Hazikuhusiana na sefti, nikaziacha. Kutu ya nje haikuwepo hata punje, na hilo nalo lilinitia wasiwasi, kwa sababu bunduki iliyokaa miaka tisa bila kutu imepakwa kitu.

"Imekuwa hivi tangu lini?" nikauliza.

"Kukwama, tangu Kwaresima. Lakini ilianza kuugua zamani. Ilianza kwa kupungua sauti. Nikaitia samli. Ikabaki vile vile. Nikaongeza."

"Ukaongeza."

"Kila jioni, kidogo. Baba Thobias, usinifokee."

"Sijafoka."

"Mishipa ya shingo imekusimama."

Nikaweka bisibisi chini. Niliuliza ni nani aliyemwambia chuma kinapakwa samli. Akasema Pantaleo alipoaga alimwachia kichupa cha mafuta ya bunduki na neno moja, paka mafuta isishike kutu. Kichupa kiliisha kabla ya Pasaka ya kwanza. Dukani hakukuwa na kingine. Alichokuwa nacho ni ng'ombe watatu, akapaka kitu bora kuliko vyote nyumbani mwake.

"Ningepaka nini?" aliuliza. "Ya taa inanuka. Nikaona haifai kupakwa kitu chake."

Nilikuwa nimepanga maneno makali kuhusu samli, nikayaweka kando, nikaokota bisibisi yangu.

"Na hiyo sauti," nikasema baadaye. "Sefti inapunguaje sauti?"

Aliangalia barabarani. Lori la pamba lilipita, tukangoja vumbi litulie.

"Alikuwa akirudi kutoka kulinda mashamba jua likizama," alisema. "Njiani anatembea bunduki iko wazi, kwa sababu ya nguruwe. Akifika kwenye minyaa ya uani kwetu, kabla hajaingia, anasimama anaifunga, maana ndani kuna mtoto. Mimi niko jikoni. Simwoni. Nasikia ule mlio tu. Nikiusikia nabandika maji ya ugali, kwa hiyo akishanawa miguu, maji yanachemka. Hakuwahi kuita hodi. Ule mlio ndio ulikuwa hodi yake."

"Na alipoondoka?"

"Kila jioni naiweka Nundu mapajani nasukuma sefti. Mara moja tu. Nikisikia, nabandika maji." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mwanangu Limi aliniambia nina wazimu. Lakini miezi ya kwanza ulikuwa ukifanana. Kisha nikaona umepungukiwa. Kuna kitu kimetoka. Nikasema chuma kimekauka, nikatia samli. Baba Thobias, sina haja ya kuua nguruwe. Nataka ulie kama ulivyokuwa ukilia mikononi mwake. Ukinirudishia mlio ule, nitaishi."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kumrudisha Pantaleo nyumbani kwa mwanamke ninayempenda, kwa malipo ya kibuyu kimoja cha samli. Nilikasirika, si kwa Generoza. Nilimkasirikia yule mwanamume mrefu aliyeandika barua moja.

Nikatandika kitambaa cheupe juu ya meza. Nikatoa kitako. Nikatoa skrubu ndogo zinazozuia skrubu kubwa zisilegee, kisha zile kubwa, nikivipanga vipande kushoto kwenda kulia kwa mpangilio vilivyotoka. Sahani ya kifyatulio ikatoka nzima, nikaigeuza. Mama yangu! Pale penye sefti palikuwa na uji mgumu wa kahawia, umeganda kama ulimbo wa kunasia ndege, vumbi la miaka tisa ndani yake na miguu ya sisimizi. Nilipoukwangua kwa kijiti ulitoka kwa tabaka. Kila tabaka lilikuwa jioni zake kadhaa. Harufu yake haikuwa mbaya kama nilivyotegemea. Ilinuka jiko la mtu.

Sefti yenyewe ni kijiti cha chuma chenye vijishimo viwili, na chini yake kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi. Ukisukuma, gololi inaruka kutoka kishimo kimoja kwenda kingine, na mruko huo ndio mlio. Gololi ya Nundu haikuwa na pa kurukia. Ilikuwa imezama kwenye samli kama ng'ombe kwenye tope.

Kisu hakifai hapo, kinakwaruza chuma. Mafuta ya taa peke yake yasingetosha kwa ulimbo ule. Nikachemsha maji, nikatia magadi, yale yale ya kuivishia maharage, maana mama zetu wote wanajua magadi yanavyokata mafuta kwenye chungu. Nikatumbukiza vipande. Maji yakageuka kama chai ya maziwa. Nikasugua kwa unyoya wa kuku, nikasuuza, nikakausha juani, nikapitisha mafuta ya taa, nikapangusa, na mwisho tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja. Nilimwonyesha Generoza.

"Unaona? Hilo. Linatosha mpaka Pasaka."

Nilijuta kutaja Pasaka, lakini lilikwishatoka.

Nikarudisha gololi na springi. Nikaishika sahani mkononi, nikasukuma sefti kwa kidole cha shahada. Ikaenda laini kabisa. Tak. Nikairudisha. Tak. Kazi safi. Bruda angenipiga bega.

Generoza alikuwa amefumba macho.

"Siyo," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo ule."

Nikavuta springi kidogo iwe na nguvu zaidi. TAK. Siyo. Nikaibana iwe legevu. Tak, kwa mbali. Siyo. Nikabadilisha gololi, nikatia ya pampu ya karabai. Yaya, hapana, akatikisa kichwa, hiyo ndiyo kabisa siyo. Nikarudisha ya kwake.

"Wake ulikuwa na mdogo wake nyuma," alisema.

"Mdogo wake?"

"Tak-ti. Mkubwa, kisha mdogo. Haraka haraka."

"Mama Limi," nikasema, na sasa nilikuwa nafoka kweli, "bunduki haina mdogo wake. Kishimo kimoja, gololi moja, mlio mmoja. Niliyoifungua haina chuma kingine cha kulia. Sefti hii ni nzima kuliko ya askari mwenyewe. Ijumaa itapita. Hicho unachokisikia wewe hakimo humu!"

Nikaanza kurudisha sahani, skrubu, kitako, nikikaza kwa hasira mpaka kiganja kikauma. Nilipogeuza Nundu kichwa chini kukaza skrubu ya mwisho, mkono wa kushoto ukaipokea kwa chini ili isianguke, na pete yangu ikagonga ule upinde wa chuma. Ti.

Nilisimama pale pale. Niliangalia zile alama ndogo ndogo, zimekusanyika mahali pamoja, na pete yangu imekaa juu yake kana kwamba ilipimiwa.

Nikaona yote. Mwanamume anatoka shambani, bunduki mkono wa kulia. Anafika kwenye minyaa. Anaileta kushoto kwa chini, dole gumba linasukuma sefti, na inapoachia, kiganja kinafumba chenyewe na pete inagonga chuma. Tak-ti. Kila jioni, miaka na miaka. Haikuwa bunduki iliyokuwa ikilia hivyo. Ilikuwa ni yeye, na ndoa yake kidoleni. Na Generoza, aliyeiweka mapajani na kusukuma kwa vidole vyenye vifundo, pete yake ikining'inia shingoni, asingeupata mlio ule hata angepaka samli ya Usukuma nzima.

Hakuniona nilivyoduwaa. Alikuwa akiikunja ile kanga, pole pole, pembe kwa pembe.

"Basi," alisema. "Labda wewe ndiye unayesema kweli. Labda haukuwahi kuwa na mdogo wake. Labda nilijitungia." Kisha akaacha kukunja. "Kama mlio nimeusahau, Baba Thobias, basi na yeye nimemsahau. Sasa nangoja nini?"

Ningependa kusema sikufikiri. Nilifikiri sana. Miaka mitatu nilingoja mwanamke huyu aseme neno lile, na sasa alilisema kwenye kibaraza changu, bila mimi kumshawishi, bila Anisia wala kikapu cha viazi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kumkabidhi Nundu ikiwa nzima, kumwambia pole, kumsindikiza mpaka barabarani. Angeenda nyumbani, jioni asingebandika maji ya mtu, na siku moja, baada ya masika, ningemtuma Anisia tena. Hakuna ambaye angejua, hata padri, maana ningeungamaje kosa la kunyamaza?

Lakini nilimtazama uso. Huzuni ya Generoza niliizoea, ni ya Jumapili zote. Hii ilikuwa hofu. Nami hofu hiyo naijua. Mwaka wa pili baada ya kumzika Melania niliamka asubuhi nikataka kukumbuka alivyokuwa akicheka, nikakuta hakuna kitu. Uso upo, jina lipo, kicheko hakipo. Nilikaa kitandani nikajaribu vicheko kwa mdomo wangu mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kama nilivyokuwa nikijaribu springi sasa hivi. Sijakipata mpaka leo. Kama fundi yeyote angejua kilipoenda na akaninyamazia, nisingemsamehe.

"Mama Limi," nikasema. "Fumba macho."

"Inatosha, Baba Thobias."

"Fumba macho, mama."

Akafumba. Nikaishika Nundu mkono wa kulia, nikaifungua sefti taratibu isilie. Nikaileta kushoto kwa chini. Dole gumba. Kiganja.

Tak-ti.

Generoza akasimama. Aliinuka kwenye kigoda macho yakiwa bado yamefumbwa, akageuka kushoto, mkono wake ukanyooka chini kushika kitu ambacho kibarazani kwangu hakikuwepo. Ilikuwa sufuria. Ilimchukua muda kujua yuko wapi. Akafumbua macho, akaniona mimi, nimesimama na bunduki ya mumewe, na machozi yakamshuka bila sauti.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Nilirudia mara tatu, na kila mara mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo. Nami nitasema ukweli wangu wote, kwa kuwa nimeshaanza: mara zote tatu nilikuwa na furaha. Kwa mara tatu mimi ndiye niliyefika kwenye minyaa.

"Umefanyaje?" aliuliza.

Hapo pia ningeweza kumdanganya. Ningesema ni siri ya ufundi, uwe unaileta Jumatano. Nikamwonyesha alama chini ya upinde. Nikamwonyesha pete yangu. Hakuhitaji maelezo zaidi. Alizigusa zile alama kwa ncha ya kidole, moja moja, kisha akauvua ule uzi shingoni, akaufungua kwa meno, pete ikamwangukia kiganjani.

Haikupita. Ilifika kwenye kifundo cha kidole ikakwama. Alisukuma, akazungusha, ngozi ikakunjamana mbele yake ikawa nyeupe.

"Nilikuwa mwembamba," alisema. "Baba Thobias, ikate uipanue."

"Nikiikata haitalia hivyo."

"Nifanyeje sasa?"

Niligeuka nikaitazama rafu. Nilijua cha kufanya, na nilijua kitaniuma, na hata hivyo nilicheka. Nikashusha kibuyu. Nikatoa jani la mgomba, nikachota samli kwa kidole, nikauchukua mkono wake wa kushoto. Katika miaka yote ile sikuwahi kuushika, ila kwa salamu. Ulikuwa mzito na wa moto. Nilimpaka samli kwenye kifundo, pole pole, pande zote, nikaishika pete kwa vidole viwili na kuisukuma. Iligoma, ikazunguka, ikapita. Ikakaa mahali pake.

Sote wawili tulikuwa tumewahi kusimama mbele ya altare, tukajua tulivyokuwa tumesimama. Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakutazama kama mteja wala kama mwanakwaya.

"Wewe ni mtu mwema," alisema.

"Mimi ni fundi. Pangusa mkono kabla hujashika chuma."

Akapangusa kwa pembe ya kanga. Akaishika Nundu kama nilivyoishika mimi, akakosea, nikamrekebisha kiwiko. Akasukuma. Tak. Kisha, kwa kuchelewa kidogo, ti. Akasukuma tena, na safari hii mkubwa na mdogo walifuatana vizuri.

Nilimpa kichupa cha mafuta ya cherehani, nikamwapisha kwa Bikira Maria kwamba ni tone moja kwa miezi sita. Nilimwambia Ijumaa ampe askari bunduki asukume mwenyewe, asimwonyeshe ya pete, watamwona hana akili. Akacheka, safari hii kwa furaha, na kicheko hicho nikajitahidi kukisikiliza vizuri, mwanzo mpaka mwisho, ili nikiweke.

Ijumaa Nundu ilipita. Askari aliisukuma sefti mara mbili akasema hajaona bunduki ya zamani iliyotunzwa vile, akauliza inapakwa nini. Generoza alinitafuta kwa macho katikati ya watu, mimi nikaangalia paa la ofisi.

Lakini hiyo ilikuwa Ijumaa. Siku ile ya Jumatano alipoondoka, ameiviringisha Nundu kwenye kanga, nilisimama kibarazani nikamwangalia mpaka kwenye kona ya duka la ushirika. Kwake si mbali, ni nyuma ya kanisa. Nilikaa nikaendelea na baiskeli ya katekista. Jua lilipokaribia kuzama watu walipungua barabarani, upepo ukawa unatoka upande wa kanisani, na nikausikia. Tak-ti. Baada ya kitambo kidogo, tak-ti nyingine.

Niliacha spana. Nilikaa vile vile, mikono ina grisi, nikingoja mlio wa tatu. Wa tatu haukuja. Nikaingia ndani nikabandika maji.